Msimamizi na daftari, afisa mazingira wa saiti, au mtaalam elekezi: nani akukagulie mazingira kwenye ujenzi Mtwara na Lindi?

Huku kusini ujenzi mwingi unafuata kalenda ya korosho. Minada ikifunguka Oktoba na malipo ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, yakianza kuingia, hapohapo tipa za mchanga na kokoto zinaanza kupishana barabarani, kila mtu anataka msingi usimame kabla hela haijapata kazi nyingine. Sasa na mvua nazo zinakuja wakati uleule, maana mvua zetu ni za msimu mmoja tu, zikianza mwishoni mwa Novemba au Desemba ndo hivyo tena mpaka Aprili, miaka mingine mpaka Mei. Yaani ardhi inafunuliwa, mikorosho na vichaka vinang'olewa, kifusi kinamwagwa, alafu maji yanashuka juu yake. Anayeona habari ya mazingira saiti ni makaratasi tu ya kuwaridhisha NEMC, lile baraza la taifa la mazingira, aende Mikindani siku ya mvua kubwa aangalie tope linavyoteremka kuingia kwenye ghuba, na kina mama wako palepale, maji yakitoka wanaokota chaza.

Hii naiandika kwa ajili ya mtu anaejenga kitu cha ukubwa wa kati, godauni la korosho, sheli, lodge, jengo la biashara la ghorofa, au kontrakta mdogo aliyepewa kipande cha kazi, ambae tayari ana cheti cha mazingira au yuko njiani kukipata na sasa anajiuliza nani amkagulie saiti yake wiki kwa wiki ili masharti ya kile cheti yafuatwe kweli. Njia zinazotumika huku ziko tatu. Ya kwanza unamwachia msimamizi wako wa saiti na daftari. Ya pili unaajiri afisa mazingira wako mwenyewe anaeshinda saiti. Ya tatu unamlipa mtaalam elekezi aliyesajiliwa NEMC awe anakuja mara moja kwa mwezi au kila baada ya miezi mitatu, anakagua, anaandika ripoti, anaondoka. Zote zina watu wanaozisifia na ntaziweka bega kwa bega, ila msimamo wangu nauweka mapema: njia yoyote ambayo haina mtu mwenye mamlaka pale saiti wakati mvua inanyesha, kwa Mtwara na Lindi hiyo haitoshi.

Wanaokuja kukukagua ni wengi

Watu wakisikia ukaguzi wanawaza NEMC peke yake. Ni kweli NEMC ndo wasimamizi wakubwa wa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, wana ofisi ya Kanda ya Kusini hapa Mtwara, na mkaguzi sheria inampa nguvu ya kuingia saiti, kuomba nyaraka, kupiga picha, kuchukua sampuli ya maji au udongo, na mambo yakiwa mabaya inatoka amri ya kusimamisha kazi au ya kurejesha eneo kama lilivyokuwa. Lakini yupo pia afisa mazingira wa halmashauri ambae nae yumo kwenye sheria hiyohiyo, wapo OSHA wanaoangalia usalama na afya ya wafanyakazi kwa sheria yao ya 2003, wapo watu wa Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini ukichimba kisima au ukitaka kumwaga maji machafu mtoni, wapo Tume ya Madini maana mchanga, kokoto na mawe ni madini ya ujenzi na yana leseni zake, wapo TFS, watu wa misitu, ukigusa mikoko, na ukiwa upande wa Msimbati unakutana na Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000. Hawa hawaji siku moja na hawaulizi kitu kimoja, kwa hiyo yule utakaemchagua akukagulie ajue kabisa nani anauliza nini. OSHA akikuta vibarua hawana buti na choo hakuna ni kosa tofauti na la tope kuingia mtoni, ingawa vyote viko saiti moja na vinatokana na uzembe uleule.

Alafu kuna ile mita 60. Sheria inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni mwa bahari, ziwa, kingo za mto au bwawa. Hapa hakuna njia kati ya hizi tatu itakayokuokoa, msingi ukishamwagwa ndani ya mita 60 hata uajiri maafisa kumi utabaki na msingi uliomwagwa pasipofaa. Pima kabla, na ukipima ufukweni angalia maji ya bamvua, yale yanayojaa kabisa, yanapofika, usipimie pale maji yalipo siku ya maji mafu yasiyojaa sana ukajipa moyo kwamba una eneo kubwa.

Jambo lingine la kuweka sawa, hii ya wiki kwa wiki usiichanganye na zile kazi mbili kubwa. Tathmini ya Athari kwa Mazingira, ile TAM, inafanyika kabla ya ujenzi, na ukaguzi wa mazingira rasmi unafanyika kwa mradi ambao tayari upo au unaendelea. Zote mbili zinafanywa na mtaalam aliyesajiliwa, hapo huna cha kuchagua. Uchaguzi unakuja katikati, miezi yote ile ya ujenzi, ambapo cheti kimeshatoka kina masharti yake, mpango wa usimamizi wa mazingira umeandikwa vizuri ndani ya ripoti, na inabidi mtu fulani auhamishe kutoka kwenye ripoti mpaka kwenye udongo.

Mvua ikianza, nani yupo?

Msimamizi yupo. Hii ndo sifa yake kubwa na watu wanaomdharau wanakosea, maana yeye ndo mwenye vibarua mkononi, yeye ndo anaemwambia dereva wa kijiko ageukie wapi, akiamua viroba vya mchanga vipangwe upande wa chini ndani ya nusu saa vimepangwa. Tatizo ni kwamba mvua hiyohiyo inamkuta na saruji haijafunikwa, zege la asubuhi halijashika, nondo ziko kwenye maji. Ataokoa saruji kwanza. Wewe ungekuwa yeye ungeokoa saruji pia, mifuko ni hela ya bosi inayoonekana, tope linaloenda kwa jirani halionekani kwenye hesabu.

Afisa mazingira nae yupo, na tofauti ni kwamba yeye kazi yake siku hiyo ni hiyo moja tu. Na kazi yenyewe kwa kweli inafanyika kabla ya mvua. Udongo wa uwanda wa Makonde, kuanzia Nanyamba kwenda Tandahimba mpaka Newala, una mchanga mwingi, ukishaondoa majani na mizizi mvua chache tu zinatosha kukuanzishia korongo. Lindi mjini ukijenga juu huko Mtanda kila ulichokilegeza kinatafuta njia ya kushuka kwa walioko chini. Mtu anaeshinda saiti anaweza kuhakikisha kwamba kiwanja hakifyekwi chote kwa mara moja, kwamba upande wa juu umechimbwa mtaro wa kukinga maji yasipite katikati ya saiti, kwamba upande wa chini kuna shimo la kutulizia tope kabla maji hayajatoka nje, kwamba lile rundo la udongo wa juu limewekwa mbali na mteremko na limefunikwa turubai kwasababu utalihitaji baadae kuotesha nyasi. Vitu vya kawaida kabisa, havitaki mashine, vinataka mtu wa kuvikumbuka kila siku.

Mtaalam elekezi hayupo. Simlaumu, ndivyo mkataba wake ulivyo. Wengi wanatokea Dar, ni zaidi ya kilometa 500, na kama ana miradi mingine Dodoma na Mwanza hawezi kukaa anasubiri wingu la Mtwara. Kumbuka Mei 2024 ilivyokuwa, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Lindi kwenda Dar kule maeneo ya Somanga, Kilwa. Wiki kama hiyo ndo saiti inamhitaji mtaalam kuliko wiki nyingine yoyote na ndo wiki ambayo hata awe na nia gani hafiki. Akija baadae ataona alama za maji na ataandika kwa usahihi kilichotokea, lakini tope litakuwa limeshafika.

Kiangazi nako usikisahau. Kuanzia Juni mpaka Septemba upepo wa kusi unapuliza siku nzima, na saiti isiyomwagiwa maji inatuma vumbi lake lote kwenye nyumba za upande mmoja, watu wanakula nalo. Boza la maji lipite asubuhi na mchana, tipa zifunikwe. Hili msimamizi akisimamiwa vizuri analiweza bila mtu wa ziada.

Nani anajua cha kuangalia

Hapa mtaalam elekezi anawaacha wenzake mbali. Mchukulie mfano maji ya kuoshea miksa. Kwa msimamizi wa kawaida yale ni maji tu yenye rangi ya kijivu, yanamwagwa popote. Mtaalam anajua kwamba maji ya saruji yana pH ya 12 na zaidi wakati maji ya bahari yako kwenye 8 na kidogo, yakiingia kwenye kijito au kwenye madimbwi ya mikoko yanaua viumbe wadogo na yanaunguza mashavu ya samaki, kwa hiyo atakwambia uchimbe shimo lenye karatasi ya nailoni chini, miksa na makoleo yaoshewe hapo, saruji ikitulia na kuganda uitoe kama kifusi. Au oili chafu ya jenereta na mitambo. Huku kila mtu ana matumizi nayo, tunapaka nguzo na mbao zisiliwe na mchwa, kibarua akiomba lita tano anapewa. Kumbe ni taka hatarishi, ina kanuni zake za 2021, na inatakiwa itunzwe kwenye pipa lisilovuja, ikae kwenye sakafu yenye ukingo, ichukuliwe na mwenye kibali. Mtaalam ataliona pipa hilo dakika ya kwanza tu.

Tena mtaalam anasoma cheti. Unaweza kushangaa lakini cheti cha mazingira kikishapatikana kwenye miradi mingi kinawekwa fremu ukutani ofisini, masharti yake yaliyo kurasa za nyuma hayasomwi tena. Mtaalam anayachukua moja moja, hili limefanyika, hili bado, hili limefanyika nusu. Hiyo peke yake ina thamani.

Afisa mazingira wa saiti inategemea umempata nani. Vijana wetu waliosoma mazingira SUA, UDOM, Ardhi, wapo, wengine wako nyumbani Masasi au Nachingwea hawana kazi, wanajua nadharia vizuri na wanajifunza saiti haraka. Ila mtihani wake ni mdogo tu, mpe ule mpango wa usimamizi wa mazingira wa mradi wako akae nao siku mbili, alafu mtembee nae saiti akuonyeshe kwa kidole kila sharti liko wapi pale chini. Akibaki anakusomea karatasi mtafute mwingine. Akikuuliza maji ya mvua ya jirani wa juu yanapita wapi, huyo mchukue.

Msimamizi anaona alichozoeshwa kuona. Atajua zege bovu kwa kuliangalia, ila hataona kwamba ule mti wa mkwaju umezungushiwa kifusi kwenye shina na utakufa miaka miwili ijayo. Unaweza kumfundisha. Mtu mmoja akifundishwa mambo kama kumi na mawili ya kuangalia, akayaandika kwa Kiswahili chake mwenyewe, anakuwa mkaguzi mzuri kabisa kwa saiti ndogo.

Nani anaweza kusema simamisha

Hili ndo jambo ambalo watu hawaliwazi wakati wa kuchagua, na kwangu ndo lenye uzito kuliko yote.

Msimamizi analipwa kwa kasi. Kontrakta anampima kwa slabu imemwagwa lini, ukuta umefika kozi ngapi. Huwezi kumpa mtu huyohuyo kazi ya kukimbiza na kazi ya kuzuia ukategemea azifanye zote kwa moyo mmoja, ni sawa na kumfanya mshambuliaji wa timu awe ndo refa wa mechi hiyohiyo. Hata awe mwaminifu vipi, siku kijiko kimekodiwa kwa saa na mafuta yanaungua hatakisimamisha kwasababu tope limeanza kutoka nje ya uzio.

Afisa mazingira anaweza, lakini hapa kuna mtego. Ukimwajiri kupitia kwa kontrakta, mshahara wake uko mfukoni kwa yule anaetakiwa kumkatalia. Nani ataandika mabaya ya anaemlipa? Kijana amemaliza chuo, ana mdogo wake anamsomesha, akiambiwa andika vizuri ataandika vizuri. Kwa hiyo kama wewe ndo mwenye mradi, mwajiri mwenyewe, barua yake itoke kwako, ripoti ije kwako moja kwa moja na nakala kwa mhandisi msimamizi, na kwenye mkataba wako na kontrakta kiwekwe kipengele kwamba huyu mtu akisema kazi fulani isimame, inasimama mpaka mkutane. Bila hicho kipengele umeajiri mpiga picha.

Miradi mikubwa hii wanaijua. Chukua barabara kama ya Mnivata–Newala–Masasi, kilometa 160 kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, kwenye kazi za namna hiyo mtaalam wa mazingira anatajwa kwenye mkataba toka mwanzo, upande wa kontrakta na upande wa mhandisi mshauri, na malipo yanaweza kushikiliwa masharti yasipofuatwa. Wewe wa godauni hauhitaji watu wote hao, ila ile kanuni ya kwamba anaekagua asiwe chini ya anaekaguliwa ichukue kama ilivyo.

Mtaalam elekezi ana uhuru zaidi, usajili wake ndo mtaji wake na akisaini uongo anauweka hatarini, alafu maneno yake yana uzito, kontrakta mbishi akiambiwa na mtu mwenye namba ya usajili anatulia. Ila anasema kwa ripoti. Ripoti inakuja wiki mbili baadae, na saiti ya wiki mbili baadae ni saiti nyingine.

Hela

Msimamizi na daftari kwa kuangalia juujuu ni bure, na ndo maana wengi wanakimbilia huko. Gharama yake inajificha, inatokea siku umeambiwa usimame, mafundi wako wamekaa, kijiko cha kukodi kinahesabu siku, na msimu unaisha.

Afisa mazingira ni mshahara wa kila mwezi na vinavyoambatana nao, NSSF ambayo kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara mkigawana nae, na WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi. Watu wanaona ni mzigo. Lakini sio lazima umwajiri kwa mradi wote, na nafikiri wengi hawajaliwaza hili, unaweza kumchukua kwa miezi ya mvua tu, ila muulize kwanza afisa kazi mkataba wa namna gani unafaa. Na huyo huyo akiwepo saiti atakusimamia vyoo, taka na malalamiko ya majirani, kazi ambazo sasa hivi hazina mwenyewe.

Mtaalam elekezi unalipa ada yake ya ziara na ripoti, juu yake kuna nauli, malazi na posho, kwa hiyo akitokea mbali sehemu nzuri ya hela inaishia njiani na hotelini. Tafuta kwanza aliye kanda hii. Na mkubaliane kabisa mwanzoni ziara ngapi, ripoti ngapi, na kwamba ziara moja lazima iangukie kati ya Januari na Machi, asikupangie zote kiangazi wakati kila saiti ni safi.

Mkaguzi akifika getini

Mkaguzi wa serikali akija anataka vitu viwili, kuona saiti na kuona kumbukumbu. Msimamizi ataonyesha saiti vizuri, kwenye kumbukumbu atahangaika. Mtaalam kumbukumbu zake ni nzuri sana ila nyingi ziko kwenye laptop yake huko aliko, kwa hiyo mdai nakala iliyochapwa kila ripoti na iwekwe kwenye faili pale saiti pamoja na cheti, leseni ya machimbo unakochukua mchanga, usajili wa OSHA na kibali cha ujenzi. Afisa wa saiti akiwa mzuri ana vyote viwili.

Kuhusu daftari au simu, zote nazikubali kwa sehemu zake. Daftari kubwa la mistari lenye kurasa zilizopigwa namba, kila siku tarehe, hali ya hewa, nini kimeonekana, nani ameambiwa, limerekebishwa lini, hilo haliishi chaji na ni gumu kulibadilisha baadae bila kuonekana. Ubovu wake halina picha. Simu ina picha yenye tarehe na mahali, na programu kama KoboCollect inafanya kazi bila mtandao, unajaza fomu huko Kitangari au Liwale ndanindani alafu ukifika kwenye mtandao inatuma yenyewe. Group la WhatsApp peke yake nalikataa kama kumbukumbu, ni zuri kwa kuambizana haraka lakini baada ya miezi minne kutafuta picha ya mtaro katikati ya salamu za Ijumaa na matangazo ya misiba ni kazi isiyoisha, na mtu akibadili simu vyote vinaweza kupotea. Daftari kwa kila siku, simu kwa picha mara moja kwa wiki kwenye sehemu zilezile, usimame palepale kila wiki upige upande uleule. Picha za namna hiyo zikipangwa mkaguzi anaona mabadiliko bila wewe kusema neno.

Na mkaguzi akikuta kosa, muonyeshe kwamba ulishaliona mwenyewe na lini ulianza kulirekebisha. Sheria ina nafasi ya kufifilisha kosa, unakiri kwa maandishi na unalipa bila kwenda mahakamani, lakini hiyo isiwe mpango wako wa kazi, kuna watu wanaipigia hesabu kabisa kama gharama ya ujenzi na wanaendelea kumwaga tope. Hao wanatuharibia wote.

Sasa kwa saiti yako

Nyumba ya kuishi ya kawaida Magomeni, Chuno au Mitwero, usisumbuke na afisa wala mtaalam. Kibali cha halmashauri, msimamizi au wewe mwenyewe, daftari, mtaro wa maji, na mchanga uununue kwa mwenye leseni. Basi.

Godauni au jengo la ghorofa mjini, kiwanja kimesawazika na mto uko mbali, mfundishe msimamizi, alafu mlete mtaalam elekezi mara tatu: msingi ukianza, katikati ya mvua, na kabla ya kukabidhi. Hapo afisa wa kudumu ni matumizi makubwa kuliko hatari iliyopo. Sheli iko tofauti kidogo kwasababu ya matanki chini ya ardhi, siku ya kufukia matanki hakikisha mtaalam yupo anaangalia, mtu wa picha za baadae hawezi kuona kilichofukiwa.

Lodge ufukweni, Mikindani, Msimbati, Kilwa Masoko, hapa bila afisa anaeshinda saiti usianze. Kuna mikoko, kuna bamvua inayokuja kuchukua ulichokiacha mchangani, kuna wavuvi na kina mama ambao saiti yako iko kwenye njia yao ya kwenda pwani. Afisa awe mtu anaejua hiyo pwani au awe na kibarua mmoja wa kijiji hichohicho anaemsikiliza, mzee wa Msimbati atakwambia maji yatafika wapi kuliko ramani. Mtaalam elekezi aje juu yake kwa ripoti za cheti.

Kazi ya mteremko, Mtanda au ukingo wa uwanda ukishuka Newala kuelekea Ruvuma, afisa kuanzia Novemba mpaka Mei, kiangazi msimamizi anatosha. Huu mchanganyiko ndo ninaoupendekeza kwa watu wengi kwa kweli, unalipa miezi saba tu na ni ile miezi saba yenye hatari.

Na kontrakta mwenye shimo la kifusi, shimo lihesabu kama saiti ya pili yenye mkaguzi wake. Saiti kuu inapendeza, imezungushiwa mabati, ina kibao cha mradi, huku kilometa sita porini kuna shimo la mita nne limeachwa wazi, mvua zikinyesha linajaa, watoto wanaogelea na mbu wanazaliana. Yeyote kati ya hawa watatu uliyemchagua, andika kwenye kazi zake kwamba shimo atalitembelea kila wiki kama saiti yenyewe, na malipo ya mwisho ya kontrakta yasitoke mpaka kingo zimelazwa, udongo wa juu umerudishwa, na mwenyekiti wa kijiji ameenda kuliona kwa macho yake na kusaini.